Tekla, Sikukuachia

Mtawanya, Jumamosi alasiri

Mwanangu Tekla,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua: umenikasirikia. Tangu asubuhi umekwenda Nanyamba kumuaga bibi yako, na kesho alfajiri utapanda basi la Songea, chuoni. Hapo katikati tutapata saa chache za kukaa pamoja, na wewe utazitumia kukunja nguo na kunijibu "ndiyo Baba", "hapana Baba", kama ulivyonijibu tangu Alhamisi. Kwa mdomo sitaweza kulisema ninalotaka kulisema. Nikifungua kinywa mbele yako nitaishia kukuuliza kama umechukua blanketi. Kwa hiyo naandika, na barua nitaitia katikati ya lile daftari lako kubwa, uisome njiani, mahali ambapo huwezi kuinuka ukaniacha.

Habari za blanketi, sabuni na vyakula vya njiani shangazi yako ameshakwambia, na kesho atakwambia tena. Mimi nina neno moja tu. Alhamisi sikukuachia. Ulinifunga.

Najua huamini. Na una haki ya kutoamini, kwa sababu niliwahi kukuachia mara moja ukanikamata. Ndiyo maana nataka nikueleze tangu mwanzo, pamoja na jambo moja la mama yako ambalo sijapata kukusimulia. Ukimaliza kusoma, utaamua mwenyewe.

Nilikuja Mtwara kutoka Masasi nikiwa kijana, nimeishia darasa la nane, nikapata kazi ya kuendesha winchi bandarini. Watu hudhani kazi ya bandari ni kubeba. Nusu yake ni kungoja. Mnaambiwa meli itaingia Jumatatu, inaingia Alhamisi. Ikiingia Alhamisi mvua inanyesha, na korosho hazipakiwi kwenye mvua. Na nyumbani huwezi kwenda, kwa sababu ikiitwa zamu yenu ukakosekana, nafasi yako anapewa mwingine. Basi mnakaa. Sisi tulikuwa tunakaa nyuma ya ghala, kwenye benchi la Bi Somoe.

Wewe unamjua Bi Somoe wa sasa, anayetembea kwa kushika ukuta. Wakati ule alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi, mtu wa Mikindani, anauza chai ya rangi na vitumbua. Ubao wa dama ulikuwa mali yake. Ulikuwa kifuniko cha sanduku la majani ya chai, miraba imechorwa kwa makaa na kupakwa mafuta ya nazi isifutike. Kete zilikuwa vizibo vya soda, kumi na viwili vimelala kifudifudi, kumi na viwili chali. Sheria ya mchezo unaijua: kete ya mwenzako ikikaa mbele yako na nyuma yake pako wazi, unakula. Kula ni lazima, utake usitake.

Lakini Bi Somoe alikuwa na sheria zake za nyongeza, na yeye mwenyewe wala hakuwa mchezaji. Ukishinda mara tatu mfululizo unainuka, hata kama ndio kwanza mkono umepata moto. Mwenye nguvu akikaa na mnyonge, anaondoa kete zake moja au mbili kabla ya kuanza, watu wote wakiona, na mnyonge haoni haya maana ndiyo desturi ya hapo. Utani ulikuwa ruhusa, tena utani mkali, ila uishie ubaoni. Ungeweza kumwambia mtu, "Bwana wee, leo umekuja na kete au umekuja na kitoweo?" na kila mtu akacheka. Ukigusa nyumba ya mtu, au kabila lake, au kazi yake, Bi Somoe alikichukua kikombe chako hata kama chai imo, akaimwaga chini. "Huyo ameshiba," alikuwa akisema.

Siku moja nilimuuliza kwa nini anawainua washindi. Alikuwa anageuza vitumbua, hakuniangalia.

"Damiani wee," alisema, "aliyeshinda hanywi chai. Huyo anataka mchezo mwingine tu. Aliyefungwa ndiye anayekaa hapa, anaagiza kikombe, anawaza, na kesho anakuja mapema kabla ya jogoo. Huyo akinikimbia, mimi nimekwisha."

Nilicheka. Niliona ni maneno ya mfanyabiashara.

Mwaka uliofuata nilikuwa nimejua kucheza. Sikufundishwa na mtu, nilijifunza kwa kutazama, na kwa kuwa kazi ya winchi inakuzoesha kuuona mzigo utakapotua kabla haujatua. Msimu ule wa korosho Bi Somoe alifiwa na mama yake, akakaa Mikindani kwa wiki kadhaa. Ubao alituachia. Na mimi nikakaa, nikaacha kuinuka.

Nilishinda mara tatu, mara sita, mara tisa. Sikuondoa kete kwa mtu yeyote. Aliyekuwa akifungwa zaidi ya wote ni Mshamu, na hapa naona haya kuandika, kwa sababu Mshamu ndiye aliyekuwa akinipigia ishara. Mwendesha winchi haoni ndani ya shimo la meli, mwanangu. Anaona mkono wa mtu mmoja aliyesimama ukingoni: panda, shuka, simama. Mkono ule ukikosea, wenzenu walio chini wanakufa. Mkono wa Mshamu haukuwahi kukosea. Nami, baada ya kumfunga mara ya tisa au ya kumi, mbele ya watu, nikamwambia, "Mshamu, mkono unaosogeza kete ndio huo huo unaonipigia ishara? Sasa naanza kuogopa kwenda kazini."

Watu walicheka. Na Mshamu alicheka. Kesho yake hakuja kwenye benchi, na wiki iliyofuata akaomba zamu nyingine. Baada yake wakapungua wengine, mmoja mmoja, bila kugombana na mtu. Huyu anasema ana usingizi, huyu anasema macho yanamuuma. Bi Somoe aliporudi kutoka msibani alinikuta peke yangu na ubao, nacheza upande huu, kisha nahamia upande wa pili.

"Wenzako wako wapi?"

"Wameogopa."

"Wameogopa nini? Simba mwenyewe yuko wapi?"

Akavizoa vizibo akavitia kwenye kopo, akauchukua ule ubao, akafunikia vitumbua. Ubao ukafunikia vitumbua mwezi mzima. Nilikuwa bingwa wa Bandari ya Mtwara, Tekla, na hapakuwa na mtu hata mmoja wa kucheza naye.

Mama yako ndiye aliyenituma kwa Mshamu. Tulikuwa hatujamaliza mwaka tangu tuoane. Aliniona narudi mapema, nakaa mlangoni, namkosoa namna ya kumenya mihogo. Akasema, "Kamwombe mwenzio radhi, mimi mihogo yangu niachie." Nikaenda Mikindani kwa miguu. Mshamu alikuwa anapaka nyumba yake chokaa. Hakushuka kwenye ngazi.

"Mshamu, rudi tucheze."

"Unataka mchezo," aliniuliza, "au unataka mtu wa kumpiga?"

Nilitaka kusema nataka mchezo, lakini nilifikiri kwanza, nikaona kwamba sijui. Nikamwambia sijui. Nadhani ndilo jibu la kwanza la kweli alilopata kutoka kwangu. Alishuka, akanipa brashi ya pili, tukamaliza ukuta wa mbele pamoja. Kuhusu ule mkono wake nilimwomba radhi tukiwa tumeukabili ukuta, na yeye akasema, "Haya. Ila utaondoa kete mbili."

Niliondoa kete mbili. Nikamfunga wiki nzima nikiwa na kete kumi. Halafu akaanza kunisumbua. Alikuwa akifungwa, anakaa na kikombe chake, anawaza, na asubuhi anakuja na dawa ya lile nililomfanyia jana, ikanilazimu nami nitafute jipya. Watu wakarudi kutazama. Na siku moja, sikumbuki hata ilikuwa meli gani iliyotuchelewesha, Mshamu alinifunga. Kelele zilizopigwa pale zilimtoa mlinzi getini. Mtu mmoja alinivua kofia akamvisha Mshamu. Bi Somoe aligawa vitumbua vya bure, jambo ambalo wengine walilizungumza kuliko mchezo wenyewe.

Nilirudi nyumbani nikiucheza tena ule mchezo kichwani, kete kwa kete, mpaka nikaipita nyumba yangu nikajikuta kwenye mashamba ya watu. Mama yako alikuwa ananitazama tangu naipita.

"Umefungwa?" aliniuliza niliporudi nyuma.

"Nimefungwa."

"Mbona unacheka?"

Sikujua kama nilikuwa nacheka. Akaufuta mkono wake kwenye kanga, akasema, "Basi nifundishe na mimi."

Hivyo ndivyo dama ilivyoingia katika nyumba hii. Ubao huu ulionao wewe alinitengenezea Mshamu mwenyewe, kwa mbao za kreti. Mama yako alikuwa mchezaji wa wastani, sitamsifu uongo. Lakini hakukimbia ubao hata siku moja. Alikuwa akizipanga kete alizokula kwenye mstari, karibu na goti lake, na kila mara akizihesabu kwa kidole kana kwamba zitatoroka. Akiwa katika shida alikuwa anatia karanga mdomoni bila kuitafuna, anaizungusha tu, nami nikiisikia ile karanga inagonga meno nilijua nimembana. Kete yake ikifika mwisho wa ubao ikawa kingi, alikuwa anaiita "mkwe", kwa sababu, alisema, ikiingia nyumbani kwako huna raha tena. Siku zote niliondoa kete mbili. Katika miaka yetu alinifunga labda mara nne, na zote nne alizitangaza kisimani.

Sasa nifike kwenye lile ambalo sijakusimulia.

Ule mwezi alipokuwa amelazwa, wewe ukiwa na miaka kumi na mmoja, ukikaa kwa bibi Nanyamba, alinituma nimletee ubao. Nilikwenda nao saa za kutazama wagonjwa, alasiri, nimeufunga ndani ya kanga. Alikuwa amekonda, mikono imebaki mifupa, lakini aliketi, nikamwegesha kwa mto. Tukaanza. Na mimi nikamwonea huruma. Niliiacha kona yangu wazi. Nikampelekea kete moja, akala. Nikampelekea ya pili, akaishika ile kete iliyonila, akabaki nayo hewani.

"Baba Tekla."

"Naam."

"Umeshanizika?"

"Mama Tekla, maneno gani hayo?"

"Tangu lini unaiacha kona wazi? Miaka yote hii hujaiacha. Leo unaniangalia unaona maiti, ndiyo maana unanipa." Akaiweka kete chini polepole. "Bado nipo hapa, mume wangu. Panga upya."

Nilipanga upya. Nikamuuliza kama niondoe mbili.

"Ondoa mbili kama siku zote. Ila nizione zikitoka."

Tukacheza. Alicheza vizuri kuliko siku nyingi za uzima wake, alipata kingi, akaniita nimsalimie mkwe. Muuguzi alikuja kutuambia muda umekwisha, mama yako akamwambia, "Dada, tuvumilie kidogo, huyu mwanamume hajamaliza kunifunga." Na yule dada, Mungu ambariki, akasimama pale na trei yake akatazama mpaka mwisho. Nilimfunga, nikabakiwa na kete mbili. Mama yako akajilaza, akafumba macho, akasema, "Asante. Leo nimecheza."

Siku ya nne alifariki.

Maneno yalisambaa, kwa sababu wodi ina masikio. Bibi yako alisikia kwamba nilimfunga mwanawe dama akiwa kitandani anakufa, na kwa muda mrefu hakunipa mkono sawasawa. Sikumweleza. Niliona nikieleza nitaonekana najitetea. Labda leo huko Nanyamba amekwambia. Kama amekwambia, sasa unajua lililobaki. Mimi katika maisha yangu nimepewa vitu vichache vya kumshukuru Mungu nikivitaja kwa jina, na ule mchezo ni kimoja. Nilikaribia kumnyima mke wangu mchezo wake wa mwisho, na yeye mwenyewe akanizuia.

Ungedhani mtu aliyefundishwa namna ile hakosei tena. Nilikosea baada ya arobaini.

Utakumbuka kuliko mimi. Ulitoka chumbani na ubao, hujacheka kwa wiki sita, ukasema, "Baba, tucheze kama Mama." Mtoto wa miaka kumi na mmoja, nywele hazijasukwa kwa kuwa hakuna wa kuzisuka. Moyo wangu ulivunjika, na uliovunjika ndio uliocheza. Kete yako ilikaa mbele ya yangu, nyuma yake wazi kabisa, nami nikajifanya sikuiona, nikasogeza nyingine. Ukaniangalia.

"Baba, kula ni lazima."

"Ah, sikuona."

"Uliona."

Ukavikusanya vizibo ukavitia kwenye kopo, kimoja kimoja. Kwa miaka mitatu hukuugusa ubao. Shangazi yako alisema ni huzuni, itapita. Mimi nilijua si huzuni. Nilikuwa nimekwambia, bila kusema, kwamba sasa wewe ni mtu wa kuhurumiwa tu katika nyumba hii, na kwamba hata ubaoni mimi sipo na wewe, nipo juu yako nakutazama. Kumpunguzia mtu kete mbele ya macho yake ni kumwambia njoo, nakungoja ufike. Kumwachia kwa siri ni kumwambia hutafika. Mama yako alinifundisha hilo, nami nikalisahau ndani ya miezi miwili tu.

Uliporudi ubaoni ulikuwa na miaka kumi na minne. Sijui ni nini kilichokurudisha na sikuuliza, nisije nikakitisha. Ulisema, "Ondoa nne, na ole wako." Niliondoa nne. Nikakufunga. Nilikufunga ulipokuwa na homa, nilikufunga siku ya kipaimara chako, nilikufunga siku ulipopata barua ya kuchaguliwa ualimu, ambapo shangazi yako aliniita mchawi. Tukashuka kutoka nne hadi tatu, mbili, moja. Mwaka jana wakati wa mavuno ya korosho tulifika kwenye kumi na mbili kwa kumi na mbili, na bado nilikufunga, lakini nikitoka jasho. Kila jioni sukari ilipokosekana dukani tukanywa chai chungu, mimi nilikuwa naiona ina ladha, kwa sababu nilijua hapo mbele yangu kuna mtu anayekuja kunikamata.

Sasa Alhamisi. Kumbuka vizuri. Kumbuka nilikuwa nasema nini.

Nilikuwa nakutania. Nilisema, "Mwalimu Tekla, utawafundisha watoto wa watu nini, wakati hata kona yako huijui?" Mtu anayemwachia mwenzake hamtanii, anakuwa mpole. Nilikuwa na kete sita, wewe tano, na mkono wangu ulishaifuata chai. Ukaisogeza kete yako ukaitia mdomoni mwangu. Nikacheka, nikala. Ukatia ya pili. Nikala, na safari hii nilisema, naona aibu kulirudia, nilisema, "Asante kwa kitoweo." Na kikombe kilikuwa mdomoni pale ulipoichukua ile kete moja iliyobaki nyuma, ukaruka, ukaruka, ukaruka, ukaruka. Nne. Na ukaingia kingi. Suruali yangu unajua ilivyokuwa. Mtu anayeachia hushindwa kwa adabu, polepole, na hamwagi chai ya moto mapajani.

Lakini wewe hukuiangalia suruali. Uliniangalia usoni, ukaona nimenyamaza, ukadhani kunyamaza kwangu ni kwa mtu aliyetoa zawadi. "Asante kwa kuniaga, Baba," ulisema, ukaingia ndani.

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa sijaelewa kilichonipata. Nilikuwa bado nazihesabu.

Siku mbili nimeangalia ubao. Nimeuweka juu ya kabati, kete zilivyo, na nimemkataza shangazi yako kufuta vumbi upande ule. Nikaogopa jambo moja tu: kwamba utaondoka ukiamini kuwa mara ya tatu katika maisha yangu nimemtazama mtu wangu nikaona ameshakwenda. Asubuhi, ulipopanda gari, nilikwenda bandarini. Si zamu yangu leo. Nilikwenda kwenye benchi, Bi Somoe yupo, Mshamu yupo, na vijana wa zamu ya korosho. Nikapanga kete kama tulivyokuwa kabla ya wewe kunilisha ile ya kwanza.

"Mshamu, kaa hapa upande wangu. Jitoe kwenye mtego."

"Na huku nani?"

"Huku nitasogeza mimi, kama alivyosogeza yeye."

Akacheza. Nikamtilia kete mdomoni. Akaguna. "Hii siili."

"Kula ni lazima."

"Najua ni lazima, bwana, nimesema sitaki." Akala. Akala na ya pili. Nikazoa nne zake, nikaingia kingi. Akavua miwani. Akasema turudi nyuma hatua moja. Tukarudi, akapita kwingine, akafa. Turudi mbili. Akafa. Vijana wakajaa, kila mmoja na njia yake, huyu anasema pita kushoto, huyu anasema sogeza ya nyuma, wote nikawazika pale pale.

"Nani kakufanyia hivi?" Mshamu akauliza. "Yule bingwa wa ushuru?"

"Tekla."

"Tekla gani?"

"Tekla wangu."

Zikapigwa zile kelele ambazo sijazisikia tangu siku ya Mshamu mwenyewe. "Yule mtoto aliyekuwa anakuletea chakula getini, chupa ya chai kubwa kuliko yeye? Aaa, Damiani! Umeliwa na mtu uliyemnunulia viatu!" Bi Somoe akatikisa kichwa, akasema, "Muongo. Kamwachia, binti anaondoka."

Na Mshamu akamgeukia. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, maana mimi ni mshtakiwa, huyu ni shahidi. "Bi Somoe, mimi huyu kanifunga tangu nina nywele. Hajui kuachia. Akijaribu anaonekana, kama mtu aliyevaa shati la kuazima. Hapa hakuachia. Hapa kaliwa kwa tamaa yake." Akanigeukia mimi. "Mwambie binti, akija likizo aje hapa kwanza, kabla hajakwenda nyumbani kwako. Mwambie Mshamu anataka aliwe na yeye aone."

Hayo tu, mwanangu. Huko uendako watakupa darasa lako, na vijiji vipya vinavyoanzishwa vina watoto wengi kuliko walimu. Utakuwa na nguvu, wao wanyonge. Namna ya kukaa nao sitakufundisha, maana mimi mwenyewe umeona nilivyohangaika. Ila ukimpunguzia mtoto, apunguziwe akiona.

Nimemshukuru Bi Somoe leo, kwa mdomo, baada ya miaka yote hii. Akaniuliza kama ninaumwa. Mshamu sikumshukuru, angenicheka. Mama yako namshukuru kila siku. Wewe nakushukuru hapa. Ulirudi ubaoni wakati hukuwa na sababu ya kurudi, ukafungwa jioni baada ya jioni na mtu ambaye hakukupa hata moja, na hukunikimbia. Watu wengi wamenishinda kwa umri, kwa elimu, kwa nguvu. Wewe umenishinda baada ya kuniangalia kwa miaka minne mpaka ukaniona. Nilikuwa naiogopa nyumba hii bila wewe. Naiogopa bado, lakini sasa nina kazi ya kufanya ndani yake.

Nadhani kosa langu lilianza kwenye ile kete niliyoitoa kona ya kulia. Mshamu anasema hapana, nilikuwa nimeshapotea kabla ya hapo. Wewe unajua ni ipi. Usiniambie.

Baba yako uliyemfunga,

Damiani